Fuata ardhi, usifuate jina: kutafuta ukoo wa Virginia katika hati za mashamba

*"Ninaishi Marekani na mume wangu ni Mmarekani mweupe. Bibi yake aliacha daftari linalosema kwamba babu wa kwanza wa ukoo, William, aliwasili Virginia mwaka 1664, katika kaunti ya New Kent. Kwamba wajukuu wake walikuwa Hanover, kisha Culpeper. Na kwamba katika miaka ya 1790 familia ilihamia Kentucky. Nimetafuta vyeti vya kuzaliwa na sensa, sikupata kitu. Katika kumbukumbu za ardhi nimekutana na akina William wanne wenye jina moja la ukoo, mmoja wao ameandikiwa 'mdogo'. Nimeambiwa pia kwamba kumbukumbu za Hanover ziliungua zote. Na katika hati moja ya shamba nimekuta majina ya watu weusi yameorodheshwa pamoja na ng'ombe; nilifunga ukurasa kwa sababu sikujua nifanye nini. Watoto wananiuliza kila wiki. Je, ardhi inaweza kweli kunionyesha nani ni baba wa nani?"*

Dada yangu, inaweza, na kwa Virginia ya karne ya 17 na ya 18 mara nyingi ni ardhi peke yake inayoweza. Kukosa vyeti na sensa si uzembe wako. Virginia haikuwa na sheria ya kuandikisha kila mtoto anayezaliwa hadi mwaka 1853, na kabla ya hapo ubatizo uliandikwa katika vitabu vya parokia, ambavyo vingi havipo tena. Sensa ya kwanza ya Marekani ni ya 1790, lakini karatasi za Virginia za 1790 zimepotea, na za 1800 karibu zote; kinachosambazwa kama sensa ya Virginia ya 1790 kimeundwa kutokana na orodha za kodi za miaka ya 1782 hadi 1785. Hata sensa zilizosalia zinataja jina la mkuu wa nyumba peke yake mpaka ile ya 1850. Ardhi, kwa upande wake, iliandikwa kila ilipogawiwa au kuuzwa, kwa sababu mnunuzi alitaka ushahidi, mtawala alitaka kodi, na jirani alitaka kujua mpaka wake unaishia wapi.

Kosa la kwanza ambalo ningekuomba uliache ni kutafuta jina. Ukiandika "William" na jina la ukoo kisha ukakusanya kila kinachojitokeza, utamaliza mwaka mzima ukiwa na rundo la karatasi za watu wasiohusiana. Chagua kipande kimoja cha ardhi, kisha uulize maswali mawili: aliyekuwa nacho alikipata kwa nani, na kilimtokaje? Mtu hawezi kuuza shamba ambalo halikuwahi kufika mkononi mwake. Ukikuta anauza ekari 200 na hakuna hati inayoonyesha alizinunua au aligawiwa na serikali, basi karibu hakika zilimfikia kwa urithi au kwa ndoa, na ukoo umejificha mahali hapo hapo.

Tazama shamba maarufu la Mount Vernon. Mwaka 1674 John Washington na Nicholas Spencer walipewa ekari 5,000 kando ya mto Potomac, na mwaka 1690 ardhi hiyo ikagawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya akina Washington ilikuwa ya Lawrence, mtoto wa John. Lawrence akamwachia binti yake Mildred kwa wosia. Mildred na mumewe Roger Gregory wakaiuza mwaka 1726 kwa Augustine, kaka yake Mildred. Kwa Augustine ikaenda kwa mwanawe, naye pia akiitwa Lawrence. Lawrence huyu alifariki mwaka 1752, lakini George Washington, ndugu yake wa baba, hakuweza kuichukua mara moja, kwa sababu mjane Anne alikuwa na haki nayo maisha yake yote. George aliikodi mwaka 1754, wakati Anne alikuwa ameshaolewa tena, na ikawa yake kamili Anne alipofariki mwaka 1761. Hebu fikiri kwamba hatujui lolote kuhusu familia hii. Hati na wosia za shamba hilo moja zingetupa vizazi vinne, ndugu wa kike na wa kiume, mkwe, na mjane aliyeolewa tena.

Hapa yapo mazoea yetu sisi wenyewe ambayo yanaweza kukupoteza. Wengi wetu tumekulia katika jamii ambazo mzee akifa watoto wote hukaa kikao, na kwa Waislamu kila mrithi ana fungu lake linalojulikana. Virginia ya kikoloni haikuwa hivyo. Mtu akifa bila wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mara nyingi hakuna hati yoyote iliyoandikwa, kwa kuwa sheria yenyewe ilikuwa imeshamkabidhi. Kwa hiyo ukiona shamba limekwenda kwa mtoto mmoja, usiandike kwamba alikuwa mtoto pekee. Na ukiona wosia ambao haumtaji mtoto wa kwanza kabisa, usiandike kwamba alinyimwa au alikufa, kwani huenda aliyeuandika alijua kwamba ardhi aliyoiacha bila kuitaja itamfikia huyo bila maneno. Sheria ya 1785, iliyoanza kutumika Januari 1, 1787, ndiyo iliyowapa watoto wote mafungu sawa pale pasipo na wosia. Baada ya tarehe hiyo unaanza kukuta hati zenye kundi zima la warithi, wake na waume zao wakitia sahihi pamoja ili shamba la marehemu liuzwe, na hati moja ya namna hiyo inaweza kukujengea familia nzima kwa asubuhi moja.

Sasa tuje kwenye ule mwaka 1664. Sidhani bibi yake shemeji alibuni. Nadhani yeye au mtu aliyemsimulia aliisoma tarehe hiyo katika hati ya kwanza ya kugawiwa ardhi. Koloni la Virginia lilitoa haki ya ekari 50 kwa kila kichwa kilicholetwa kutoka ng'ambo, na haki hiyo ilikuwa ya aliyelipa nauli, si ya aliyesafiri. Haki hizo ziliuzwa na kununuliwa kama bidhaa, zikakaa miaka kabla ya kudaiwa, na mfanyabiashara aliyesafiri kwenda Uingereza na kurudi aliweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Waafrika walioletwa kwa nguvu nao walihesabiwa katika orodha hizo kwa sehemu kubwa ya karne ya 17, ili ardhi itolewe kwa aliyewanunua. Kwa hiyo 1664 ni mwaka ambao hati ilitolewa. Unathibitisha kwamba William fulani alikuwa na haki ya ardhi New Kent, ama kwamba jina lake lilitumiwa na mtu mwingine kudai ardhi, na mambo haya mawili ni tofauti kabisa. Isome hati yenyewe uone kama yeye ndiye mpewa au ni jina lililoorodheshwa chini. Nakala za hati hizi zilitunzwa katika ofisi ya ardhi ya makao makuu, wala si katika kaunti, ndiyo maana zimesalia, na picha zake zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Maktaba ya Virginia iliyoko Richmond.

Hata hivyo usianzie hapo. Najua hamu ya kuanza na babu wa kwanza, lakini kushuka kutoka 1664 ni kuchagua mmoja kati ya watoto wengi bila kujua ni yupi wako. Anzia Kentucky na upande kurudi nyuma.

Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi mwaka 1792, na hati zake huwa na desturi moja nzuri: muuzaji na mnunuzi hutajwa pamoja na kaunti wanayoishi. Tafuta hati za Culpeper ambazo muuzaji wake tayari anaitwa mkazi wa Kentucky, na katika vitabu vya kaunti ya Kentucky tafuta hati za uwakala, yaani mtu akimpa nduguye mamlaka ya kwenda Virginia kuuza au kupokea fungu lake la mali ya baba. Mhamiaji huacha mambo ambayo hayajakamilika nyuma yake, na kuyakamilisha kunahitaji karatasi. Pitia pia orodha za kodi, ambazo Virginia ilianza kuziandika kila mwaka tangu 1782, za ardhi mbali na za mali nyingine mbali. Mwaka ambao jina linatoweka Culpeper na mwaka ambao linajitokeza Kentucky vikikaribiana, na mtu mwenyewe ana idadi ile ile ya farasi, umeanza kushika uzi. Mgawanyiko wa kaunti nao usikubabaishe. Shamba ambalo halikusogea hata hatua moja linaweza kuwa Spotsylvania katika miaka ya 1720, Orange kuanzia 1734, Culpeper kuanzia 1749, na Madison baada ya 1792, na ukoo ulioonekana kuhama mara tatu ukawa ulikaa chini ya mti ule ule.

Culpeper ina jambo jingine ambalo wengi hulikosa. Eneo lililo kati ya mto Rappahannock na mto Rapidan liligombewa kwa miaka mingi, Mfalme akidai ni lake na Lord Fairfax akidai limo ndani ya milki ya ukoo wake. Fairfax alishinda mwaka 1745. Kwa hiyo ardhi iliyogawiwa kabla ya hapo inaweza kuwa katika vitabu vya Mfalme, na iliyogawiwa baadaye katika vitabu vya Fairfax, na mtu aliyetafuta upande mmoja husema kwa uhakika kwamba babu hakugawiwa chochote. Na kama babu alikuwa mpangaji tu, usikate tamaa, kwa maana katika milki hiyo mashamba mengi yalikodishwa kwa muda wa uhai wa watu watatu. Mpangaji alitaja watu hao katika mkataba, na kwa kawaida alimtaja yeye mwenyewe, mkewe, na mtoto mmoja mdogo ambaye alitumaini ataishi muda mrefu. Kwetu sisi tunaotafuta nasaba, mkataba wa maskini huyo una faida kuliko hati ya tajiri aliyenunua ekari elfu.

Unapoisoma hati ya kuuziana, isome yote, pamoja na maneno unayodhani ni mapambo. Utakutana na hati mbili za siku mbili mfululizo juu ya shamba lile lile: ya kwanza inakodisha kwa mwaka mmoja kwa shilingi tano, na kodi yake ni punje moja ya pilipili manga ikidaiwa, ya pili, ya siku inayofuata, inaachilia umiliki wote kwa bei halisi. Hakuna aliyekodi kitu hapo. Ulikuwa utaratibu wa kisheria wa kuuza, na hati zote mbili ni mauzo mamoja. Bei ikiwa shilingi tano peke yake kwa shamba kubwa, au ikitajwa "mapenzi ya asili", tafuta undugu. Angalia kama mke ametia sahihi. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu alitaka mke aiachilie haki hiyo, naye alihojiwa faraghani, mbali na mume, ili ithibitike kwamba hakushurutishwa. Jina la mke likibadilika kati ya hati ya 1755 na ya 1762, ama mke wa kwanza amefariki ama una akina William wawili. Jina la mke lisipoonekana, hilo peke yake si ushahidi kwamba muuzaji hakuwa na mke, kwa kuwa kuachilia haki kuliweza kuandikwa baadaye katika kitabu cha maamuzi ya mahakama.

Hiyo ndiyo njia ya kuwatenganisha akina William wako wanne. Neno "mdogo" baada ya jina halikumaanisha mtoto wa "mkubwa". Lilimaanisha kwamba katika mtaa ule wako wawili, na huyu ndiye mwenye umri mdogo. Wangeweza kuwa mtu na mpwa wake, au watu wasiojuana kabisa. Mkubwa akifa au akihama, "mdogo" anapanda cheo na kuwa "mkubwa", na kijana wa tatu anachukua nafasi yake. Mwandikie kila William karatasi yake, uweke juu yake mambo yasiyohama kirahisi: kijito alichoishi, majirani wa mpakani, mke, mashahidi, na alama au sahihi aliyotia. Mtu anayetia alama ya msalaba mwaka 1760 hawi kwa kawaida ndiye aliyeandika jina lake kwa mkono mzuri mwaka 1750. Na usiwaunganishe wawili mpaka ardhi yenyewe iwaunganishe.

Kuchora shamba kutakusaidia zaidi ya unavyodhani. Hati husema, kwa mfano, kwamba mpaka unaanzia mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, unakwenda kaskazini nyuzi 30 mashariki kwa fito 120 hadi kona ya fulani. Ufito mmoja ni futi 16 na nusu, karibu mita 5.03, kwa hiyo fito 120 ni mita 600 na ushei. Fito za mraba 160 ni ekari moja. Chukua karatasi ya miraba na kipimapembe, uchore kila mstari kwa zamu, kisha uchore na mashamba ya majirani wanaotajwa. Vipande vikishikana kama vigae vilivyovunjika, utaona kwamba ekari 150 za William mmoja ni kona iliyokatwa kutoka ekari 400 za mtu aliyekufa bila wosia miaka kumi kabla. Dira za wakati ule zilipotoka kidogo na wapima ardhi walikosea, kwa hiyo usitarajie mchoro ufunge barabara. Miti imekufa zamani, lakini vijito vingi bado vipo katika ramani za leo, wakati mwingine kwa jina jingine.

Kuhusu Hanover, aliyekuambia alikuwa na nusu ya ukweli. Vitabu vingi vya kaunti hiyo vilipelekwa Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, na viliteketea mji ulipoungua Aprili 1865, vimesalia vichache. Lakini kilichoungua ni cha mahakama, wala si kila kitu. Sheria ya Virginia ilitaka mipaka ya mashamba itembelewe kila baada ya miaka minne, majirani wakiongozana mti kwa mti na kuweka alama upya, kama wazee wetu wanavyokwenda kuonyesha mpaka pale shamba linapobishaniwa, na kazi hiyo ilikabidhiwa parokia. Vitabu vya baraza la parokia ya St. Peter ya New Kent na ya St. Paul ya Hanover vimesalia na vimechapishwa. Humo utakuta mashamba yametajwa kwa makundi ya majirani, na jina la mwenye shamba likibadilika kutoka baba kwenda kwa mjane, kisha kwa mtoto, kati ya matembezi mawili. Orodha ya kodi ya ardhi ya 1704 nayo inawataja wenye mashamba wa New Kent na ekari zao. Ukiziweka pamoja na hati za kugawiwa ardhi, daraja linajengeka, ingawa litakuwa na mbao zinazokosekana.

Nakuomba pia uangalie tarehe. Hadi mwaka 1752 mwaka mpya ulianza Machi 25, kwa hiyo hati ya Februari 1735 ni ya Februari ambayo sisi tungeiita ya 1736. Nimewaona watafiti wakimkataa mtoto halali kwa sababu eti baba alikufa kabla ya kutungwa mimba yake, kumbe walisoma kalenda vibaya.

Na ule ukurasa ulioufunga, ufungue tena. Mwaka 1705 sheria ya Virginia iliwatangaza watu waliokuwa utumwani kuwa mali isiyohamishika, sawa na ardhi, kwa mambo ya urithi, ndiyo maana majina yao yamo katika wosia, zawadi za harusi, rehani na migawanyo ya mashamba. Naelewa kilichokupata ulipoyaona, hasa wewe uliyetoka Afrika na kuwalea watoto ambao ukoo wa baba yao umo katika hati hizo. Lakini kwa maelfu ya familia za Wamarekani weusi mstari huo mmoja, jina moja bila jina la ukoo, pengine na neno "na mtoto wake", ndio ushahidi pekee kwamba mama huyo aliishi na kwamba mtoto yule alikuwa wake. Nakili kila jina kama lilivyoandikwa, pamoja na kitabu, ukurasa, tarehe, nani aliwamiliki na walikwenda kwa nani. Ukifuata shamba kutoka kizazi hadi kizazi utaona pia walivyotenganishwa au kubaki pamoja. Maktaba ya Virginia ina mkusanyo uitwao Virginia Untold unaokusanya kumbukumbu za namna hii, na yeyote mwenye nakala zilizoandikwa kwa uangalifu anaweza kumsaidia mtu anayetafuta kutoka upande ule mwingine. Watoto waambie pia, kwa kadiri ya umri wao, kwani ni sehemu ya jibu la swali wanalokuuliza.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia, hasa kile kinachofuata mstari wa wanaume, kwa sababu kitaonyesha kama uzao wa William mmoja na wa mwingine ni wa damu moja. Hakiwezi kukuambia yupi ni baba na yupi ni amu, kwa hiyo kifanye baada ya kuchora mashamba. Mtaalamu wa ana kwa ana utamhitaji mambo matatu yakikukwamisha: mwandiko wa karne ya 17 usiosomeka kwako, vitabu vya kaunti ambavyo havijapigwa picha, au kesi za mirathi zenye mamia ya kurasa. Ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti hupokea wageni, na ukimpigia simu kabla ya safari atakuambia vitabu vipi vipo hapo na vipi vimehamishiwa Richmond. Ukiajiri mtafiti, chagua mwenye cheti cha bodi inayotambulika, mpe swali moja linaloeleweka na saa chache, na umwambie pia akuandikie alipotafuta akakosa. Mtu akijitokeza akidai kwamba ukoo wa shemeji una ardhi ya zamani inayoweza kurudishwa mkilipa ada, msimlipe. Mwoneni wakili kwanza.

Wiki hii fanya kazi moja tu. Chukua hati ya mwisho ambayo familia iliuza Culpeper kabla ya kwenda Kentucky, andika majina ya majirani wote wa mpakani na ya mashahidi, kisha utafute jinsi muuzaji alivyoipata ardhi hiyo. Kama hakuna hati ya ununuzi, niandikie ukiwa na ekari, jina la kijito na mwaka, ili tuanze kumtafuta baba yake kutoka hapo.